Siku Tuliponyoa Nyumba Nzima

Chawa wa kwanza nilimwona Jumatano, mezani, akitembea kwenye sikio la binti yangu wa pili wakati tunasali kabla ya chakula. Nilikuwa nimefumbua jicho moja kuhakikisha kwamba watoto wamefumba ya kwao. Yule chawa alitembea bila haraka, akapotelea nyuma ya sikio, nami nikasema amina kabla mume wangu hajafika mwisho wa sala.

Ili aibu yangu ieleweke, lazima niseme kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi ya usafi shuleni kwetu ni yangu. Kila Jumatatu napita kwenye mistari ya wanafunzi nikikagua kucha, kola na vichwa. Watoto wa majirani zangu nimewahi kuwarudisha nyumbani kwa sababu ya nywele. Nimewahi kusimama kwenye kikao cha wazazi nikatangaza kwamba chawa ni uzembe wa mama. Sasa chawa walikuwa wamekuja kwangu, tena kwa wingi, kwa sababu nyumba yetu imejaa watu na hakuna anayejua mto wake ni upi. Kufikia Alhamisi tulikuwa tunajikuna wote, pamoja na mume wangu, ambaye alikuwa anakataa kwamba anajikuna.

Dawa sikuweza kuinunua mtaani, maana mwenye duka la dawa ni mzazi shuleni kwangu na alikuwepo kwenye kile kikao. Tukajaribu siki. Tukajaribu mafuta ya nazi, tukawafunga watoto mifuko ya plastiki kichwani, wakashinda wanang'aa na kunuka kama jikoni. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alitandika shuka jeupe sakafuni, akawa anawachana mmoja mmoja kwa kitana, na kila chawa aliyeanguka alimponda kwa ukucha. Alikuwa na subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo.

Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi, lakini amekulia Misungwi kwenye ng'ombe, na maradhi yote huyaona kwa macho ya mfugaji.

"Ng'ombe akipata kupe hukai kumtoa mmoja mmoja," alituambia, akiwa amesimama mlangoni. "Unampeleka josho. Anaingia upande huu, anatokea upande ule, kesho yake yuko malishoni."

Nikamuuliza kama mimi ananiona ng'ombe. Akafikiri, akasema hapana, lakini dawa ni ile ile, suala ni vipimo tu. Jioni nikakuta chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo nyuma ya ndoo bafuni, nikaifungia kabatini pamoja na vyeti vyangu.

Yote haya yangekuwa kero ya kawaida kama isingekuwa Jumapili ile. Jumapili, baada ya ibada, wageni walikuwa wanavuka kwa feri kutoka Kamanga kuleta barua ya posa ya wifi yangu. Wifi alikuja kwetu kunisaidia nilipojifungua mtoto wa kwanza, akasema atakaa miezi michache. Huyo mtoto sasa yuko sekondari. Wifi ndiye aliyewalea wanangu wakati mimi nakagua wa wenzangu. Wanaume wawili kabla ya mchumba huyu walikuwa wameahidi kuleta barua, wote wakapotelea njiani, na watu walikuwa wameacha hata kumuuliza.

"Wifi," aliniambia, akiwa amekishika kichwa cha mwanangu mapajani, "hawa wakirudi nyuma, mimi sisubiri wengine tena."

Alisema bila kuniangalia. Nilimpenda sana pale, nikaapa moyoni kwamba wageni hawa watapokelewa, hata kama chawa watawafungulia mlango.

Ijumaa akaenda kusuka saluni ya mbali, Buhongwa, ambako hatujulikani. Nilidhani yeye tumeshammaliza chawa. Msusi alifika katikati ya kichwa, akasimamisha mikono, akainama, akamnong'oneza sikioni kwamba anaomba radhi lakini ana wateja wengine. Wifi alirudi nyumbani amejifunika kanga, upande mmoja rasta hadi mabegani, upande mwingine nywele zimesimama. Alikaa jikoni, akaniangalia, nami nilishindwa kujizuia, nikacheka. Akacheka na yeye. Kisha akalia, na mimi nikaamua kwamba nyumba nzima inanyolewa kesho.

Jumamosi nilimwita kinyozi aje na mashine yake. Nilimvuta kando nikamwambia, "Ukiulizwa kwa nini tumenyoa, usiseme neno." Akaweka mkono kifuani, akaniahidi. Ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulioniponza.

Nyumba zetu zimejengwa juu ya mawe ya kilima, na anayekaa juu anaona kila kinachofanyika uani kwa anayekaa chini. Basi kutoka juu walituona hivi. Watoto wamepangwa kwenye benchi wananyolewa mmoja baada ya mwingine. Baba mwenye nyumba akakaa kwenye kiti, akanyolewa. Mimi nikanyolewa. Magodoro na makochi yote yametolewa nje yapigwe jua. Katikati ya uwanja unawaka moto mkubwa wa kuni, maana tulikuwa tunachemsha mashuka kwenye pipa. Wifi alikuwa wa mwisho. Alinishika mkono kwa nguvu, zile rasta mpya zikaanguka moja moja, na ilipokwisha akajipapasa utosini, akasema anasikia upepo. Wigi tulikuwa tumeshaazima.

Mimi natoka Majita, mume wangu ni Msukuma, na kwao na kwetu watu wakishazika hunyoa. Ukiona familia nzima ina vipara na viti viko nje na moto unawaka, huulizi. Kitu hiki nakijua tangu utotoni. Lakini siku ile kichwani mwangu hapakuwa na nafasi ya kitu kingine zaidi ya chawa.

Jirani wa nyumba ya juu ndiye aliyetangulia kufika, kanga kiunoni, hana viatu. Hakunisalimia. Alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa na hasira ndani yake.

"Mwalimu, tumekukosea nini? Mnamzika bibi kimya kimya, sisi majirani tunajua kwa kuona vichwa?"

Bibi ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa kwetu akitibiwa mguu, na mwezi uliopita alirudi kwake Misungwi. Nikamwambia jirani kwamba bibi ni mzima, hakuna aliyekufa.

"Sasa mmenyolea nini?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini niliiona Jumatatu asubuhi, mistari ya wanafunzi, watoto wake wawili wakinitazama mimi na kipara changu, nikanyamaza. Akanipigapiga mgongoni.

"Usiseme. Moyo ukiwa tayari utasema."

Akatoka. Wengine walikuwa wamekwenda kumuuliza kinyozi, naye akawatazama kwa huzuni, akawaambia ameombwa asiseme neno. Baada ya hapo hakuna ambacho kingeweza kumrudishia bibi uhai.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani tukakuta turubai limefungwa uani kwetu, mikeka imetandikwa, na akina mama wameinjika sufuria kubwa za wali na maharage juu ya mawe. Wanaume walikuwa wameyakalia makochi yangu pale pale nje. Mume wangu alipopewa pole ya kwanza alisema asante. Nilipomvuta ndani nimuulize kwa nini amesema asante, akaniambia mtu akikupa pole utamjibu nini? Akaendelea kuzipokea. Kila alipopokea alizidi kuinamisha kichwa, na baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba anampigia mama yake. Simu haikuwa inapatikana.

"Itakuwa chaji," nilimwambia.

"Itakuwa chaji," akajibu, macho yamelowa. "Lakini je, kama si chaji?"

Wifi alikuwa chumbani, gauni limenyooshwa, wigi kichwani, amekaa wima pembeni mwa kitanda. Alisikia nyimbo za maombolezo zikianza nje. Aliniambia niwatoe watu wale kabla wageni hawajafika. Nikasema nawatoa. Nilifika hadi mlangoni, wakanikumbatia wote kwa zamu, nikarudi ndani nimelowa machozi ya watu.

Wageni wakafika. Walikuwa watatu, wakiongozwa na shangazi wa yule kijana, mama mnene wa makamo mwenye kilemba kikubwa. Walipoliona turubai wakasimama. Mzee aliyeishika bahasha ya posa akaiingiza mfukoni taratibu. Wakapewa mkeka, wakakaa, wakainamisha vichwa kama wengine. Nikapiga magoti mbele yao kuwasalimia, na shangazi akanishika mkono kwa upole.

"Poleni sana. Hili lililotuleta haliongelewi kwenye msiba. Tutalirudia mwakani, Mungu akipenda."

Nilimwona wifi amesimama kwenye mlango. Alikuwa amelisikia lile neno mwakani.

Kabla sijafungua mdomo, kilio kingine kikasikika kutoka njia ya chini, kikali kuliko vyote. Mtu alikuwa anapanda kilima huku anaomboleza, akiuliza wanangu nani, wanangu nani ameniacha. Watu wakageuka kumpisha. Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ameambiwa stendi ya Misungwi kwamba kwa mwanawe kuna msiba, akapanda basi la kwanza na mguu wake ule ule mbovu.

Nyimbo zilikatika. Jirani wa nyumba ya juu alidondosha mwiko. Mume wangu akamkimbilia mama yake, akamkumbatia huku analia kwa furaha, na kilio hicho kikamzidishia yule mama hofu, kwa sababu alikiona kipara.

"Nani?" aliuliza. "Mbona hamniambii ni nani?"

Tungemwambia ni wewe? Alizunguka anahesabu wajukuu, akamshika huyu kichwa, akamshika yule, vipara vyote. Ndipo wifi akatoka mlangoni. Alipita katikati ya mikeka hadi mbele ya mama yake na wale wageni, akavua wigi.

"Shikamoo, mama. Hakuna aliyekufa. Tuna chawa. Nyumba nzima tuna chawa, ndiyo maana tumenyoa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na kilima kizima kikasikia. Kisha aliyekuwa ameniegemea begani akajiondoa. Waliokuwa kwenye makochi wakasimama kwa pamoja. Nilimwona mwenye duka la dawa anaanza kujikuna shingo. Akina mama wakaepua sufuria zao na wali wake humo humo, wakajitwika, wakaanza kuteremka bila kuaga. Jirani wa nyumba ya juu alinitazama muda mrefu, akasema, "Uzembe wa mama," akaukunja mkeka wake.

Shangazi yeye hakusimama. Alikaa akimwangalia wifi, kisha akainua mikono, akaanza kukifungua kile kilemba, mzunguko baada ya mzunguko. Ndani yake kulikuwa na kichwa kilichonyolewa kama vyetu.

"Sisi tulinyoa wiki iliyopita," alisema. "Njia nzima kwenye feri nawaza, mkituona hivi mtadhani tuna msiba. Huyu binti alipokuja kututembelea aliwasuka watoto wetu wote. Sasa sijui ni sisi tuliwapa, au ni ninyi mlitupa." Akawageukia wenzake. "Vyovyote iwavyo, hao wadudu wameshanywa damu ya pande zote mbili. Toa barua, mzee."

Bahasha ikatoka mfukoni. Ilipokelewa juu ya mkeka wa msiba, chini ya turubai, na mume wangu kwa mazoea akasema asante, poleni.

Mama mkwe akasogea. Alimkalisha binti yake chini mbele yake, akakishika kile kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa kutoka utosini hadi kisogoni, taratibu, kama anatafuta kitu.

"Mara ya mwisho kukiona hivi," alisema, "nilikuwa nimekuzaa saa ile ile. Sasa nakiona tena, na leo umeposwa, unaondoka."

Akaanza kulia, safari hii kwa kweli. Wifi akalia kifuani kwake. Mimi nilijua ni nani atakayewachana wanangu kuanzia sasa, na sikutaka awe mimi, nikapiga magoti pale nikalia kuliko wote.

Waliokuwa wamefika chini ya mawe, sufuria kichwani, wakakisikia kilio, wakasimama. Wakatazamana. "Kumbe msiba upo kweli," mmoja akasema. Kisha mmoja mmoja wakaanza kupanda tena.