Waya wa Ardhi wa Chumba cha Upasuaji

Fundi aliyeitwa Ardhi Kwanza alilistahili jina lake. Kwa miaka ishirini na minane ya kusuka transfoma, hakuna mashine iliyotoka karakanani kwake bila waya wa ardhi. Jirani akirushwa na umeme wa pasi, hata pole hampi, huuliza kwanza, "Ardhi ipo?"

Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai na mkewe, akijisifia transfoma aliyoifunga jana katika chumba cha upasuaji hospitalini. Aliisuka upya, akatenganisha misuko yake miwili ya waya kwa karatasi ngumu, akaipaka vanishi na kuikausha siku tatu.

"Nimeifunga ardhi kila mahali," alisema. "Kasha, kiini, hata upande wa kutolea umeme..."

Kikombe kikabaki hewani.

"Umeungua ulimi?"

"Nimeharibu, mama watoto."

Transfoma ile kazi yake ni kutenganisha umeme wa chumba na ardhi. Umeme unaotoka upande wa pili haupaswi kujuana na ardhi kabisa, ili mtu akigusa waya mmoja uliochubuka, umeme ukose njia ya kurudi kupitia mwilini mwake. Mkono wa fundi, kwa mazoea mema, ulikuwa umeifungua njia hiyo.

Alimpigia simu shemeji yake, muuguzi mkuu wa chumba hicho. Haikupokelewa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa wa saa tatu. Akatoka mbio.

"Shemeji, shati umevaa ndani nje!" muuguzi alimcheka mlangoni.

"Msiwashe kitu. Nimekosea kufunga."

Kicheko kikakatika. "Wewe? Niliyekupigia debe mbele ya daktari mkuu?"

"Mimi."

Kwenye kitanda cha magurudumu, mzee mmoja aliinua kichwa. "Mnanisubiri mimi?"

"Unanisubiri mimi, mzee wangu. Niwie radhi."

Aliufungua ule waya, akapima kati ya upande wa kutolea na ardhi, akapima tena. Halafu akampa shemeji yake mita asome mwenyewe, maana jicho lake hakuliamini tena. Muuguzi alisoma, akaona umeme haujuani tena na ardhi, akamsogezea daftari la vifaa.

"Andika ulichokosea. Kwa mwandiko wa kusomeka."

Aliandika, akatia sahihi.

"Na kile chumba cha pili mlichoniahidi?" fundi aliuliza.

"Atapewa fundi mwingine, shemeji."

"Sawa. Akija, nipigie. Nataka nimwonyeshe nilipokosea."