Mkasi wa Sentimita na Mizizi ya Sangari

Mtaani walimwita Sentimita, kwa sababu ya utepe wa kupimia uliokuwa haubanduki shingoni mwake hata baada ya kuacha kushona. Macho ndiyo yaliyomwachisha kazi. Uzi ulianza kulikimbia tundu la sindano, kisha suruali ya mteja mmoja ikatoka na mguu mrefu kuliko mwenzake, naye akaona heri afunge kibanda mwenyewe kabla wateja hawajamfungia. Akahamia chumba cha uani kwa shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Kwa kuwa hakuzoea kukaa mikono mitupu, aliitazama bustani aliyoiacha marehemu akajiambia kwamba hiki nacho ni kitambaa.

Bustani yenyewe ilikuwa matuta manne ya mboga kati ya bomba la maji na ukuta wa jirani, na pembeni rundo la mboji. Kaka mtu alikuwa amelilisha rundo lile miaka mingi, majani, maganda na majivu, na udongo uliotoka humo ulikuwa mweusi, mlaini, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Wengine hurithi mashamba. Sentimita alirithi rundo.

Kosa alilolifanya lilikuwa kosa la mshonaji. Kila alipong'oa sangari, ile nyasi inayotambaa chini kwa chini kwa mizizi myeupe yenye vifundo, hakuitupa. Alikaa kwenye kigoda, akatoa mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, akaikatakata vipande sawasawa kana kwamba anatengeneza viraka. Katika maisha yake yote kitu kilichokatwa kilikuwa kimekatwa. Hakuna aliyewahi kuona nusu ya shati ikaota mkono. Vipande akavimwaga juu ya rundo, palepale penye ubaridi na unyevu, na mboji ilipoonekana imeiva akaitandaza kwenye matuta yote manne kwa moyo mweupe.

Mvua ilinyesha. Mchicha ulichungulia ukakuta nafasi zimejaa sangari.

Shemeji yake alitoka na kikombe cha chai, akasimama kizingitini. Alikuwa amezeeka katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuihitaji.

"Shemeji," alisema, "naona umeshona zulia."

"Niliikata yote, shemeji. Vipande vidogo hivi." Akamwonyesha ukucha wa kidole cha mwisho kuwa kipimo.

"Ndiyo hivyo. Kaka yako alikuwa na sangari pale ukutani tu, ukoo mmoja. Wewe umewaoza wote, kila mmoja na nyumba yake."

Alikunywa chai yake taratibu, kisha akasema lililomtoa ndani. Amezungumza na mwashi. Akimaliza kazi ya ukumbi wa shule atakuja kumwaga zege uani, kutoka mlangoni hadi ukutani. Magoti yake yamekataa kupigana na nyasi. Ataweka viti, ataanika nguo, atapumzika.

Sentimita hakubisha. Mwenye nyumba ndiye mwenye uwanja, na mgeni aliyeharibu hana la kujitetea. Lakini udongo ule mweusi ndio uliokuwa umebaki wa kaka yake, na ungefunikwa kwa sababu ya mkasi wake. Alipobaki peke yake alichimbua kipande kimoja cha sangari, akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akakitazama kama alivyokuwa akikagua mshono wa fundi asiyemwamini.

Kila kifundo kilikuwa na jicho dogo jeupe. Kila jicho lilikuwa limetoa chipukizi upande mmoja na vinyuzi vya mizizi upande wa pili. Kumbe hakuwa ameua kitu. Alikuwa mkunga.

Badala ya kuona haya, alijikuta amevutiwa. Sangari imetembea dunia kuliko mabaharia, na kila inakofika wakulima huipa jina la matusi. Mmea unaotukanwa kwa lugha nyingi hivyo lazima una jambo unalolijua. Kama kukatwa hakuuui, unakufaje?

Swali hilo aliingia nalo mezani.

"Unaniuliza mimi?" shemeji alisema. "Mimi ni mtu wa shuka."

"Nauliza tu."

"Kule kazini kwetu, shuka likija na uchafu uliogoma hatukulikatakata. Tulilichovya, tukalifunika, tukalisahau. Lenyewe lilichoka." Akamsogezea bakuli. "Kula. Nyasi haitakuja kukulisha."

Kesho yake Sentimita alitafuta ndoo yenye mfuniko. Aliijaza mizizi ya sangari, mizima, bila kuikata, akaizamisha kwenye maji, akaikandamiza kwa jiwe na kuifunika. Mizizi mingine aliitandaza juu ya bati kwenye jua. Na kwa kuwa sasa alishuku kila kitu, alianza kuchambua magugu kama vitambaa: machanga yasiyo na maua yaende kwenye rundo moja kwa moja, yaliyokwisha kubeba mbegu, kama kishona nguo, yafukiwe katikati kabisa, penye joto. Alichomeka kipande cha nondo ndani ya rundo. Akikichomoa na kukishika kikamlazimisha kukiachia, aliridhika. Kikiwa vuguvugu tu, aliongeza majani mabichi na maji kidogo, akaligeuza rundo, wa pembeni waingie ndani nao wakaione hali.

Ndoo ilianza kunuka. Jirani aliuliza kupitia ukutani kama kuna aliyekufa.

"Bado," alijibu Sentimita, "ndiyo tunangojea."

Wiki zilikwenda. Kazi ya ukumbi wa shule ilichelewa, kama kazi za uashi zinavyochelewa, na safari hii kuna mtu mmoja aliyeshukuru. Mizizi ndani ya ndoo iligeuka kahawia, kisha ikawa uji mweusi wenye nyuzi. Ile ya kwenye bati ilikauka ikawa inavunjika kama tambi. Kwa macho yote ilikuwa imekufa. Lakini macho ya Sentimita yalikwisha kumdanganya juu ya suruali, na hakutaka kuyaamini tena. Alichukua makopo matatu, akayatia udongo safi. Katika la kwanza alipanda sangari iliyotoka ardhini siku hiyo, la pili ile ya ndoo, la tatu ile ya bati. Akayapanga dirishani na kuyamwagilia sawasawa.

Kopo la kwanza lilichipua upesi kama linalodai haki yake. Mengine mawili yalinyamaza.

Asubuhi moja alifungua mlango akamkuta shemeji yake ameinama mbele ya dirisha, magoti yaleyale yaliyokataa kuinama, pua karibu iguse kopo.

"Nilikuwa napita," alisema.

"Kwenda wapi, shemeji? Huku mwisho ni ukuta."

Shemeji alinyoosha kidole kwenye kopo la tatu. Pembeni, jembamba kama uzi wa kushonea vifungo, jani moja la kijani lilikuwa limechomoza.

Sentimita alilifukua. Kilikuwa kipande kinene, chenye kifundo kilichobaki na unyevu ndani. Akakumbuka: upande mmoja wa bati ulikuwa chini ya ukingo wa paa, nako aliirundika mizizi badala ya kuitandaza. Jua halikuifikia yote.

Mwashi alikuja siku hiyohiyo, kamba na misumari mkononi, akasimama kwenye matuta akisikia harufu. "Mzee Sentimita, unapika nini humu?"

"Muulize mwenye jiko," alisema Sentimita, akimwashiria shemeji yake. Jaribio moja limefaulu, moja limemsaliti mbele ya macho yake.

Shemeji alikishika kile kipande chenye jani, akakigeuzageuza.

"Ingekuwa hakuna hata kimoja kilichoota," alisema, "ningejua umevichemsha kwa siri ili unifurahishe." Akamgeukia mwashi. "Mwagia hapa mlangoni mpaka bombani, niwe na pa kuweka kiti. Huko kwingine achana nako."

"Na zege litakalobaki?"

"Litabaki."

Kisha akanyoosha mkono kwa shemeji yake, kiganja juu. "Sangari yote ndani ya ndoo. Bati, hapana, mpaka tujue. Na huo mkasi nipe mimi."

Sentimita aliutoa kwenye mfuko wa shati la kazi, akaufuta kwa pindo, akampa. Ulikuwa umemlisha tangu ujana. Shemeji aliingia nao ndani, na baadaye kidogo ulisikika mkasi ukikata kitu: maganda ya ndizi, vipande vidogo vidogo, kwa ajili ya rundo.

Sentimita alirudi dirishani. Kopo la tatu alilijaza tena, mizizi ya katikati ya bati tu safari hii. Kisha akatafuta kopo la nne. Kwenye tuta la mwisho alikuwa ameona ndago, ile yenye vijitunguu vidogo vyeusi ardhini, na hakuna aliyekuwa amemwambia kama nayo hufa ikizamishwa.