Jagi la Mama Mkwe

Clifford Oldroyd alizikwa siku ya mvua, na kasisi akamsifu kwa jambo moja ambalo, katika kanisa zima, mimi peke yangu nilijua undani wake. Kasisi alisema kwamba kila Jumamosi, kwa miaka kumi na moja, marehemu aliliosha kwa mikono yake jagi la mchuzi la mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakumpenda hata siku moja. "Msamaha wenyewe ndio huo," akasema, huku mkono kifuani. Beryl, mjane wake, akalia kwa mara ya kwanza tangu kifo. Mimi niliinamisha kichwa nikahesabu vitundu vya kamba za viatu vyangu.

Nilikuwa jirani yao kwa miaka thelathini, ukuta kwa ukuta, hapa Doncaster, Uingereza. Cliff alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya treni tangu ujana mpaka alipostaafu, na sijui mtu mwingine aliyeweza kununa kwa ustadi kama ule. Alinunia wanasiasa, kabichi, bahari na watu wanaopiga simu kabla ya saa nne asubuhi. Kumwambia mkewe kwamba anampenda kungekuwa kama kung'olewa jino. Alipostaafu alishinda dirishani akiwanunia wapita njia, mpaka siku alipoingia kwenye maonyesho ya nyoka kule uwanja wa mbio za farasi kwa sababu mvua ilimkuta njiani hana mwavuli. Alitoka na chatu ndani ya mfuko wa kitambaa. Akampa jina Doris.

Beryl alilala kwa dada yake siku mbili. Aliporudi aliweka masharti. Doris akae chumba cha nyuma. Panya wa kumlisha, ambao huuzwa wakiwa wamegandishwa, wagumu kama magogo, wakae droo ya chini kabisa ya friza, chini ya njegere, wamefungwa mara mbili. Na chombo chake chochote cha jikoni kisiguswe na panya.

Chombo alichokithamini kuliko vyote kilikuwa jagi. La udongo wa kahawia, zito, alilirithi kwa mama yake kwa sharti moja alilolitamka bibi kizee yule akiwa kitandani mwa hospitali: yule mwanamume wako asiliguse. Kisa ni kwamba Cliff alikuja kuposa na grisi kwenye kucha. Kwa hiyo Cliff, aliyekuwa hajawahi kuosha hata kijiko, alipoanza kuliosha jagi lile kila Jumamosi, Beryl aliona kuwa ni muujiza. Aliwasimulia watu wote. Mwishowe alimsimulia kasisi.

Sasa nieleze nilichokiona. Miaka sita kabla ya mazishi nilipita mlango wa nyuma siku ya Jumamosi kurudisha ngazi. Beryl alikuwa saluni. Mezani lilikuwa jagi, linafuka mvuke, na pale panapomwagikia mchuzi ulikuwa umelala mkia.

"Derek," Cliff akasema, "hujaona kitu."

"Cliff, huo ni mkia."

"Ni mkia, na hujauona."

"Hilo si jagi la mama yake Beryl?"

"Ndilo. Unadhani sijajaribu vingine? Bakuli linamlowesha panya mwili mzima. Glasi inapoa kabla hujageuka. Doris anawinda joto, bwana. Kichwa kisipokuwa na moto kuliko mwili, anakutazama kama umemletea barua ya kodi. Hili udongo wake mnene, na ule mdomo unambana mkia asizame. Kichwa chini, dakika kumi, makalio yanabaki makavu. Kazi imekwisha."

"Na kesho tunakula mchuzi humo humo."

"Naliosha mara tatu, maji yanayochemka na magadi. Wewe mwenyewe hujawahi kuoga hivyo. Haya, apa."

Niliapa. Kesho yake, Jumapili, Beryl alipoleta nyama ya kuoka na viazi, nilimwambia daktari amenikataza mchuzi. Katika Yorkshire, jimbo letu hili, mwanamume asiyetia mchuzi kwenye viazi huhesabiwa kuwa nusu maiti, na Beryl alinihurumia kwa dhati. Nilikula viazi vikavu miaka sita. Cliff alikaa mbele yangu akijimwagia, tena bila aibu. Kasisi naye alikaribishwa mara mbili, na mara zote mbili aliomba nyongeza.

Basi Cliff akafa mwezi wa Novemba, moyo, akiwa kwenye kiti chake. Na Doris akaacha kula.

Beryl hakuwahi kumpenda nyoka yule, au ndivyo alivyosema. Lakini kila Jumamosi alivaa glavu za kuoshea vyombo, akamyeyusha panya kwenye bakuli la plastiki, akamkausha kwa draya ya nywele, akamning'iniza kwa koleo refu mbele ya Doris, akimtikisa kidogo kama alivyomwona mumewe akifanya. Doris alinusa kwa ulimi, akageuza kichwa. Ikapita Krismasi. Ikapita Pasaka. Uti wa mgongo ukaanza kuchomoza.

"Anamngoja Cliff," Beryl aliniambia. "Nyumba hii tumebaki wawili tunaomngoja."

Nilimshauri amsimamishe panya kichwa chini, ndani ya chombo kirefu. Alitumia glasi ya bia. Panya alizama mzima akatoka kama kitambaa cha deki, na Doris akamkataa. Beryl akaniuliza wazo la kichwa chini nililitoa wapi. Nikasema kwenye gazeti. Mimi ni mwoga, sifichi.

Mwezi wa Aprili alimpigia simu bwana mmoja wa Wakefield anayefuga nyoka. Bwana akasema atakuja Jumamosi saa kumi na moja jioni na sanduku, amchukue Doris bure. Jumamosi hiyo, saa tisa, nilimkuta Beryl amekaa chumba cha nyuma, ameegemea kioo cha tangi, panya aliyekwisha kataliwa mapajani mwake juu ya gazeti. Hakuwa analia. Angelia ningeondoka. Alikuwa anamweleza Doris habari za Wakefield, kwamba ni mji mzuri tu.

Nikajiona takataka. Kumwambia ni kumnyang'anya neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyasema kuhusu mumewe. Kunyamaza ni kumwacha mwenzake wa mwisho aondoke ndani ya sanduku.

"Beryl, lete jagi la mama."

"La nini?"

"La panya. Cliff alilitumia hilo."

Alimweka panya na gazeti lake sakafuni.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ndiyo maana aliliosha?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia kasisi. Akasema kanisani. Na wewe umekaa pale, Derek, na tai yako."

"Niliapa."

"Na daktari wako wa mchuzi?"

"Hakuna daktari."

Alisimama, akaenda jikoni, nikasikia birika linawashwa. Nilidhani atanimwagia. Lakini aliliweka jagi mezani, akalijaza maji ya moto, akamtoa panya wa pili aliyekwisha yeyuka kwenye friji, akamtumbukiza kichwa chini. Mkia ukakaa kwenye ule mdomo, sawasawa, kama uliotengenezewa. Akangoja dakika kumi.

Doris alitoa kichwa kabla koleo halijafika. Sikuona aliporuka. Niliona tu panya amekwisha zungushwa mizingo mitatu, na Beryl amekaa chini sakafuni bado ameshika koleo tupu. Hapo ndipo alipolia, na mimi pia nikalia, sioni haya.

"Mara ngapi aliliosha?" akauliza baadaye.

"Mara tatu. Maji yanayochemka na magadi. Kila Jumamosi."

"Ili asinidhuru."

"Ndiyo."

Akapangusa pua kwa glavu. "Mama alisema Cliff asiliguse. Kuhusu panya hakusema lolote." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mguu wa meza. Bwana wa Wakefield alipofika tulimpa chai na keki, akarudi na sanduku lake tupu.

Kesho yake aliniita chakula cha mchana. Jagi lilikuwa katikati ya meza, limejaa mchuzi. Alijimwagia yeye kwanza, kisha akalielekeza kwenye sahani yangu.

"Daktari wako anasemaje leo?"

"Amefariki."

Akamwaga mpaka viazi vikaelea. Nilikula. Ulikuwa mchuzi mtamu sana, na nilikuwa nimejinyima miaka sita kwa ujinga. Nilipomaliza, aliliweka jagi tupu mikononi mwangu, pamoja na pakiti ya magadi.

"Mara tatu," akasema. "Na Jumamosi usichelewe."