Fundi Wekesa na Sauti ya Malith

Fundi Wekesa ana kasoro moja: anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ni mwaka wa sita sasa duka langu la mitumba linatazamana na kibanda chake hapa Kakuma, na sijui nimemwambia mara ngapi, "Wekesa, Mungu alikupa masikio mawili na mdomo mmoja, lakini mdomo ndio unashinda." Hucheka tu. Alitoka Webuye kuja kutengeneza kompyuta za ofisi moja huko Lodwar. Mkataba ulipokwisha aliona aibu kurudi kwao mikono mitupu, akapanda gari la Kakuma na begi lake la bisibisi. Kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima.

Huku kwetu umeme tunavutiwa kwa waya kutoka kwa jenereta ya mtu binafsi, nao hupanda na kushuka unavyotaka wenyewe. Basi kila kifaa kikiugua, mchawi ni jenereta. Friji ikinguruma, jenereta. Redio ikikwaruza, jenereta. Fundi hahitaji hata kufungua kitu.

Mwezi wa pili alikuja Apajok, mjane kutoka Sudan Kusini anayeuza mboga katika kambi ya wakimbizi. Sisi humwita Mama Agot. Alikuwa amebeba kompyuta ya marehemu mumewe, Malith, aliyekuwa akiitumia kuchapa barua za kanisa. Humo ndani Malith alijirekodi akiimba wimbo wa fahali wake. Kwao Wadinka mwanamume hujitungia wimbo wa namna hiyo, akamsifu fahali na kuwataja baba zake. Malith alifariki Agot akiwa mtoto wa miezi minane. Sasa ni msichana wa miaka kumi na miwili, na kila Jumapili wakitoka kanisani mama yake humwekea wimbo ule. Baba mwingine hamjui. Na wimbo haukuwa mahali pengine popote.

"Fundi, hii nazima yenyewe," Apajok alisema. "Taa ya nyumba iko, feni iko. Kompyuta peke yake..."

"Ni jenereta hiyo, Mama Agot," Wekesa alimkata.

Aliiwasha. Ilikuwa asubuhi, joto halijapanda, nayo ikafanya kazi saa nzima bila kukohoa. "Unaona? Haina ugonjwa. Uwe unaiwasha asubuhi, kabla watu hawajawasha mafriji yao."

Nami na mdomo wangu huu nikadakia, "Jenereta hiyo itatumaliza."

Apajok alitutazama, akaitika, akaibeba akaenda zake.

Baada ya wiki tatu alirudi nayo ikinuka moshi, Agot nyuma yake na sare ya shule. Safari hii Wekesa alifungua. Alitoa kile kisanduku cha nyuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa na kutoa maji ya kahawia. Akawasha kisanduku peke yake, akakipima kwa mita. Waya wa volti kumi na mbili ulikuwa unatoa kumi na saba.

"Ingekuwa jenereta, hata taa ingezimika," alisema polepole. "Na aliniambia."

Alifunga kisanduku kingine. Feni ilizunguka, skrini ikawaka, lakini diski, ambamo wimbo ulihifadhiwa, ilikaa kimya. Umeme ule uliozidi ulikuwa umeiunguza. Alipanda gari akaipeleka Lodwar kwa fundi anayemwamini kuliko nafsi yake, akarudi siku ya pili macho mekundu. Haikuwezekana kuufufua wimbo.

Mungu anisamehe, nilimshauri aseme ni jenereta. Nani angebisha hapa Kakuma? Alinitazama mpaka nikaona haya.

Apajok na Agot walipokuja Wekesa hakuwakaribisha hata kiti. Alizungumza akiwa amesimama. "Mama Agot, wimbo umepotea. Jenereta haina kosa. Ulinieleza vizuri, mimi ndiye sikukusikiliza. Ningefungua siku ile, wimbo ungekuwepo."

Nilitamani Apajok amtukane. Angemtukana tungepumua. Alivuka tu akaketi kwenye benchi langu, akaikunja leso yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

Agot ndiye aliyeanza kuimba. Alisimama pale kati ya nguo zangu za kuning'inia, akauimba wimbo wa baba yake kwa Kidinka, taratibu, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosa neno. Nadhani alitaka kumwonyesha mama yake kwamba hakuna kilichopotea. Mama yake alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshika mkono.

"Umeimba vizuri, binti yangu," alisema. "Lakini hiyo ni sauti yako."

Ndipo akaangua kilio, kile kilio kikubwa cha msiba, ilhali Malith alizikwa miaka kumi na moja iliyopita.