Niliahidi Kucheza Peku Mbele ya Babu Asiye na Kichwa

Mama yangu alicheza ngoma ya kushukuru mwanawe kupelekwa jeshini, na hakujua anachokicheza.

Mimi ndiye niliyemchezesha.

Vuteni viti. Mkifika mwisho mkitaka kunitukana, nitukaneni, nimeshajitukana vya kutosha mwenyewe.

Naitwa Ramphai, mtu wa Ayutthaya. Mji wetu ulikuwa wa wafalme mpaka maadui wakauchoma, na sisi tuliobaki tunakula kwa mgongo wa magofu yao. Duka letu linatazamana na lango la hekalu moja bovu la kando ya mto. Tunakodisha mavazi ya kale. Mtu anaingia na jinzi yake, anatoka binti mfalme, anavuka barabara kwenda kupigwa picha kwenye matofali.

Mpiga picha alikuwa mdogo wangu, Thawin. Miaka ishirini na moja, sura nzuri, mdomo mtamu, wateja wanamgombania.

Picha alikuwa anazijua. Ila pombe ilikuwa inamjua zaidi.

Mimi nafungua duka, nafua, napiga pasi, nafunga duka. Yeye anaamka jua la utosi na macho mekundu, anauliza chakula kiko wapi. Na mama anampakulia! Mtoto wa mwisho huyo, wa kiume, yai la dhahabu.

Siku moja mwezi wa tatu akachukua mtandio wa hariri wa marehemu bibi, uleule ambao hatukodishi kwa mtu yeyote. Bibi aliufuma kwa mikono yake. Akaenda nao kwa rafiki zake kurekodi vituko vyao vya mtandaoni, na ukarudi na tundu la sigara katikati.

Nililia kama nimefiwa upya.

"Phai, ni kitambaa tu," mama akasema. "Kitambaa kinazibwa."

"Na mwanao atazibwa lini?"

"Mdogo wako huyo. Ataacha tu, utoto huo."

Thawin amesimama mlangoni, anajikuna kichwa. "Dada, nisamehe bwana. Bibi mwenyewe alikuwa anavuta."

Akacheka. Mama naye akacheka.

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

Sasa eleweni jambo moja. Kwetu mwezi wa nne vijana wa umri wake wanaitwa kwenye kura ya jeshi. Kila mtu anatumbukiza mkono kwenye chungu. Ukitoa kikaratasi cheusi, unarudi nyumbani na watu wanakubeba juu juu. Ukitoa chekundu, umekuwa askari, miaka miwili. Wapo wanaozimia palepale.

Kwa hiyo mwezi huo wazazi wote wanahangaika na nadhiri. Wanakwenda kwenye sanamu wanayoiamini, wanawasha udi, wanaomba cheusi.

Na mimi nikaenda.

Ndani ya hekalu letu kuna safu ya masanamu ya Buddha yaliyokatwa vichwa tangu enzi za vita. Lile la pembeni, chini ya ukuta uliobomoka nusu, wenyeji tunaliita Babu. Wanasema Babu huwa hachelewi kujibu.

Nadhiri ina utaratibu wake. Unataja jina lako, unataja unachotaka, unataja utakacholipa ukipewa. Na unasema kwa sauti. Usipolipa, Babu anakuja kuchukua mwenyewe, na hachagui cha kuchukua.

Nikapiga magoti, nikawasha vijiti vyangu vya udi.

"Babu, mimi ni Ramphai, wa duka la mavazi hapo mbele. Namleta kwako mdogo wangu Thawin. Mpe chekundu."

Kisha nikaona maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge.

"Mchukue, Babu. Nimechoka naye. Mpeleke hata huko mpakani, wamnyooshe. Ukinipa hilo, nitakuja kukuchezea mwenyewe, na nguo kamili, peku, mpaka udi uishe."

Hadi namba ya nyumba nilimtajia, asije akabeba mtoto wa jirani.

Nilivuka barabara nikijisikia mwepesi. Nasema ukweli wangu, siku ile sikuona haya hata kidogo.

Siku ya kura mama hakwenda. Kaka yake alitoa chekundu zamani hizo, akarudi kwenye jeneza, kwa hiyo mama alijifungia na udi wake, anaombea cheusi. Mimi nikasema wateja ni wengi, siwezi kufunga duka.

Uongo mtupu. Niliogopa kwamba nitashangilia mbele za watu.

Thawin alirudi alasiri, anatembea kwa miguu. Hakubebwa na mtu.

"Chekundu," akasema, na kukaa kwenye ngazi.

Mama hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alikaa karibu naye, akamshika sikio kama anavyomshika tangu mdogo, akaanza kulia kimyakimya. Alilia mpaka jioni ikaingia.

Nami nikabaki nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kabla ya kuondoka, kama ilivyo desturi, Thawin aliosha miguu ya mama kwa maji ya maua na kuomba radhi. Kisha akanigeukia na bakuli lake.

"Na wewe, dada. Lete miguu."

"Mimi si mama yako."

"Lete bwana. Ule mtandio wa bibi unanikaa rohoni."

Akaniosha miguu. Alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa, masikio yamemtoka. Alinitazama kwa muda kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Nilisema, "Kajitunze."

Basi duka likatulia. Hakuna wa kutapika mlangoni, hakuna wa kumfuata polisi. Nikaajiri mpiga picha anayewahi kazini. Maisha niliyoyaomba, nimeyapata.

Ila mama aliacha kujipakulia. Aliweka sahani ya Thawin mezani kila siku, wali na samaki wa kukaanga, halafu anaila yeye baridi kesho yake.

"Nimekosea wapi, Phai?" aliniuliza. "Niliomba vizuri. Au udi wangu ulikuwa wa bei rahisi?"

Jamani.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama anajilaumu kwa udi, na mchawi wake anampakulia supu.

Nadhiri yangu nayo sikuilipa. Ningechezaje hapo mbele ya duka letu, mama asiulize? Kila nikimpita Babu nilikuwa natazama pembeni kama mtu anayemkimbia mwenye nyumba.

Mvua zilipochanganya, mpakani kukachafuka. Bunduki zikaanza kulia, na kikosi cha Thawin kilikuwa kulekule. Simu yake ikazimika. Siku ya kwanza tukasema mtandao. Wiki ikakata.

Mama akawa analala na simu kifuani.

Mimi nilijua. Babu amekuja kuchukua deni lake, na nilikuwa nimemtajia mwenyewe cha kuchukua, na njia ya kufika.

Nikavaa vazi kamili, taji na kila kitu. Nikaufunga mtandio wa bibi begani, tundu lake likiwa mbele. Mchana mweupe, nikavuka barabara.

Watalii wamejaa. Nikawasha udi, nikayainamia masanamu, nikaanza kucheza.

Mimi sijawahi kucheza hata kwenye harusi. Mikono inakwenda huku, miguu inakwenda kule. Watu wakakusanyika na simu zao, wakidhani ni onyesho. Wengine wakapiga makofi. Mimi nacheza, machozi na wanja vinashuka pamoja, nasema moyoni, chukua ngoma yako, Babu, niachie mtoto wa watu.

Na hapa nikiri kitu. Matofali yalikuwa ya moto. Nilicheza na ndala.

Nikajisemea, Babu hana kichwa, ndala ataziona na nini?

"Phai!"

Mama. Amekuja mbio kutoka dukani, kanga ya kupikia kiunoni.

"Umechanganyikiwa? Unafanya nini?"

"Naondoa nadhiri, mama."

"Nadhiri ya nini?"

"Ya Thawin."

Huo haukuwa uongo. Ndiyo maana ulikuwa mbaya kuliko uongo.

Uso wa mama ukabadilika. Akanishika shavu, mkono wake unanuka kitunguu.

"Kumbe na wewe uliomba alindwe! Na mimi nilikuwa nakuona huna habari naye." Akatikisa kichwa. "Sasa mbona unacheza peke yako? Kwani mtoto ni wako?"

Akavua viatu, akavirusha kando. Mama mwenye magoti mabovu, anayepanda ngazi kwa kushika ukuta, akaingia kwenye matofali ya moto, peku, akanyoosha vidole nyuma kama walivyofundishwa wasichana wa zamani. Akacheza. Na anajua kucheza, sikuwahi kujua.

"Asante, Babu, kwa kumlinda mpaka leo," anasema. "Asante, asante."

Ningemzuia kwa maneno gani?

Tulicheza mpaka udi ukaisha.

Siku mbili baadaye, jioni, mama akiwa bafuni, simu yangu ikaita.

"Dada wa mtandaoni!"

Nikadondosha pasi. "Thawin! Uko hai?"

"Wakubwa walituchukulia simu zote. Leo wamezirudisha, kitu cha kwanza naonyeshwa nini? Dada yangu, na taji, anacheza kama bata aliyekanyaga makaa. Video imefika mpaka huku. Kikosi kizima wanaomba kuwa shemeji zangu."

Nikacheka, nikalia, nikakaa sakafuni katikati ya nguo. "Huna hata mchubuko?"

"Mbu tu. Na kiu. Ila dada."

"Nini?"

"Uliahidi peku. Mbona umevaa ndala?"

Hilo la peku nilimwambia Babu. Sikumwambia binadamu mwingine chini ya jua.

"Thawin... ulijuaje?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta." Alisema taratibu, bila hasira, na hasira ingenisaidia. "Nilikwenda kuweka nadhiri yangu, nikakukuta umeshafika. Nikasema nisubiri foleni."

Nikaichomoa pasi kwenye umeme.

"Nilikuwa na udi mkononi. Nilikuwa naenda kuomba cheusi, halafu nilipe kwa kuacha pombe. Niliona hiyo Babu hawezi kuikataa." Akacheka kidogo. "Ulipofika kwenye namba ya nyumba, nikajua dada amechoka kweli."

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Sikuokota kikaratasi chochote, dada. Asubuhi kabla ya kura wanauliza nani anajitolea. Nikanyoosha mkono. Chungu chenyewe sikukigusa."

Maji bafuni yakakatika. Mama alikuwa anajifuta, anaimba.

"Kwa nini hukusema?" nikanong'ona. "Ungenitukana. Ungenipiga hata kofi."

"Nilikusubiri useme wewe. Siku ile nakuosha miguu, nilisubiri sana."

Nikaziba mdomo kwa mtandio wa bibi.

"Usimwambie mama," akasema. "Ila nadhiri yako bado, eeh. Na wala hudaiwi na Babu. Babu hakukupa kitu. Aliyekupa ni mimi, kwa hiyo njoo unichezee mimi. Peku."

Mama akatoka, akaona uso wangu, akainyakua simu. Nilimsikia anapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Kesho yake jua la utosi nilivuka barabara. Sikuvaa taji. Ndala niliziacha dukani.

Sikusimama mbele ya Babu. Nilizunguka nyuma ya ule ukuta uliobomoka, mahali ambapo hakuna mtalii anayefika. Kwenye ufa wa matofali kulikuwa na vijiti vitatu vya udi, vimechomekwa vizuri. Havikuwahi kuwashwa. Mvua ilikuwa imeondoa udi wote, imebaki miti yake myekundu.

Nilicheza hapo, peku, bila makofi ya mtu. Malengelenge ninayo mpaka leo ninapoandika.

Aliyejitolea muda wake ni mfupi kuliko wa aliyeokota chekundu, kwa hiyo Thawin atarudi mapema kuliko mama anavyojua. Mama atasema ni ile ngoma yake, Babu ameisikia. Kila siku anaosha sahani ya Thawin na kuniambia, "Phai, bila nadhiri yako tungekuwa wapi?"

Namjibu, "Kula, mama."

Nami nawaambia ninyi. Ukienda kuomba juu ya mtu, omba lile ambalo akisimama nyuma yako unaweza kugeuka ukamtazama usoni. Kuta za magofu ni fupi, na Mungu si lazima awe wa kwanza kusikia.