Masolwa na Vimashine Vilivyogoma Saa Nane

Mume wangu Masolwa ni mlinzi wa mchana kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Igunga. Mimi nauza chakula kwenye kibanda kando ya geti. Niseme mapema: Masolwa analala. Akishakula ugali, saa nane mchana kichwa kinadondoka. Miaka kumi na moja yuko hivyo, na hakuna robota la pamba lililopotea.

Mwaka jana wakaleta vimashine ishirini vya kupima joto, maana robota linaweza kuungua ndani kwa ndani bila mtu kuona moshi. Wakavifunga kwenye nguzo za chuma uwanjani. Havina waya. Kila kimoja kinampasia mwenzake habari, mpaka kile cha mwisho kwenye ukuta wa bati wa ofisi, nacho kinaziingiza kwenye kompyuta.

Vikaanza kugoma. Kila siku saa nane kompyuta kimya, saa kumi na moja vimerudi. Meneja, Bwana Awadhi, akajiuliza ni nani mwingine huwa kimya saa hizo. Akamwita Masolwa.

"Unavizima ili ulale?"

"Kulala nalala, bosi," akajibu huyu mwanamume niliyezaa naye watoto wanne. "Kuzima sizimi."

Sasa ukweli wa hivyo unamsaidia nani? Akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wake, labda fundi aliyevifunga aseme vingine. Barua ya kumfukuza kazi ikachapwa kabisa. Nilikasirika mpaka nikatia chumvi mara mbili kwenye maharage.

Fundi, binti mmoja anaitwa Julieth, akaja Alhamisi kutoka Dar. Asubuhi akavikagua, havina kasoro hata kimoja. Bwana Awadhi akatikisa kichwa.

Ilipofika saa nane nikaingia uwanjani kuhakikisha Masolwa yuko macho, angalau siku hiyo moja. Nikamkuta anakoroma. Nikageuka nisije nikamzaba kofi, macho yakaangukia kile kimashine cha ukutani. Taa yake ndogo inawaka. Hakuna aliyekizima. Ila lile bati lina moto, huwezi kuliwekea kiganja, na mimi simu yangu nikiisahau juani inagoma vilevile. Nikaenda kuchukua ungo wangu, nikaufunga kwa kamba juu yake ukipe kivuli.

Haikupita nusu saa Julieth akatoka ofisini mbio.

"Mama, umefanyaje? Vimerudi kumi na saba!"

Akamweleza meneja kwamba joto likizidi, mawimbi yanayobeba habari yanapungua nguvu, na kile cha ukutani kikishindwa, habari za vyote zinakwama hapo; vile vitatu vilivyobaki navyo vimezidiwa na jua. Bwana Awadhi akaichana barua. Samahani hakusema, nami nikamtazama mpaka akaangalia pembeni.

Wiki iliyofuata vimashine vyote ishirini vikawekewa vipaa vyeupe, na aliyepanda ngazi kuvifunga ni Masolwa mwenyewe. Alipomaliza akaomba na yeye kipaa juu ya kiti chake. Ofisi ikamjibu kwamba yeye hahitaji, kwa sababu joto halimzuii kufanya kazi.

Nilitaka kwenda kuwafokea. Masolwa akanizuia, akabeba kiti chake taratibu akakileta kibandani kwangu. Tangu siku hiyo, saa nane ikifika, analala kivulini hadi saa kumi na moja, na vimashine ndivyo vinavyolinda.