Samaki Mzuri wa Filipo

"Usimpeleke mtoto kwa Filipo wa kuku," jirani yangu Rukaiya aliniambia tukiwa foleni ya maji. "Kuna samaki mle ndani anaumwa matubwitubwi. Mashavu yamemvimba hivi. Akipiga chafya tu, mtoto wako kaambukizwa."

Nikamuuliza samaki hupigaje chafya. Akasema yeye si daktari, yeye ni jirani tu.

Filipo namfahamu tangu nilipoolewa hapa Manyoni. Huzunguka vijijini na baiskeli akinunua kuku, anarudi matenga yamejaa, kuku wanalalamika na yeye anawajibu. Sijamwona akimhurumia kuku hata mmoja. Anamchinja huku anakuuliza kama nyumbani hawajambo.

Samaki alimpata kwa neno moja. Alimpigia simu mpwa wake Derick, aliye Kigoma, akamwambia, "Nitumie samaki mzuri." Mjomba mtu alitaka mnono wa kula. Derick akatafuta mzuri wa sura. Siku treni ilipofika, Mama Editha, mke wa Filipo, alikuwa ameshasonga ugali. Wakafunua ndoo, wakakuta kasamaki kamoja urefu wa kidole, ka bluu, kana mistari ya njano, kanawatazama.

Ugali ule waliulia mlenda.

Filipo akakata shingo ya dumu jeupe la maji ya kunywa, lile linaloonyesha ndani, akamtia samaki humo na kuliweka dirishani. Tangu hapo akirudi kutoka safari anamsalimia samaki kwanza, mke baadaye.

Lakini samaki, tangu siku ya kufika, hakula chochote. Nilipokwenda, Peniel nimembeba mgongoni, niliwakuta wanabishana.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mgonjwa," Filipo akasema. Alikuwa ameshaponda shubiri na pilipili, dawa anayowapa kuku wenye kideri.

"Tangu lini kuku akawa na mashavu?" Mama Editha akasema. "Na samaki akijifia mwenyewe haliwi. Kesho namkaanga angali mzima."

"Utakaanga nini hapo? Hata kikaango kitakucheka."

"Kicheke. Nimechoka kuwa na mke mwenzangu dirishani."

Akaingia jikoni. Mimi nikamshusha Peniel nimnyonyeshe, nikakaa karibu na dumu. Nyumba ikatulia. Samaki naye akatulia, kisha akafungua mdomo polepole, vikatoka vitoto. Vilikuwa kama punje za mchele, kila kimoja na macho yake. Peniel akarusha mkono, kivuli kikapita juu ya maji. Vitoto vyote vikakimbilia mdomoni, mashavu yakajaa tena.

"Baba, huyu haumwi," nikasema. "Ni mzazi. Watoto wamo mdomoni. Atakulaje?"

Filipo akainama mpaka pua ikagusa dumu. Akakaa hivyo mpaka vitoto vikatoka tena. Halafu akaichukua ile dawa, akaimwaga nje.

Jikoni kikaango kikalia. Filipo akaniangalia kama mtu aliyeitwa na mwenyekiti wa kijiji.

"Mama Peniel," akaninong'oneza, "mimi nikimtetea atamkaanga leo hii. Nenda wewe. Mwambie humu ndani kuna mzazi, na mzazi hakaangwi kabla ya arobaini."